Msumari, Waya na Betri: Mwongozo Kamili wa Kutengeneza Sumaku Umeme Inayoshika Kweli

"Mwalimu, nimezungusha waya kama kitabu kinavyosema, nimeunganisha betri, lakini msumari umegoma. Haushiki hata pini moja."

Ujumbe wa namna hii naupata kila muhula, na picha juu: msumari umefungwa waya vizuri, betri mpya, pini zimelala mezani hazina habari. Wanaoniandikia wanadhani wameshindwa somo la sumaku umeme, yaani msumari unaokuwa sumaku pale tu umeme unapopita kwenye waya uliouzunguka. Ukweli ni kwamba mara nyingi sumaku haina kosa lolote. Kosa liko kwenye umeme: mkondo haupiti kabisa, au unapita njia ya mkato. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza kwa kuhakikisha umeme unapita, ndipo tunaingia kwenye sumaku. Historia ya nani aligundua nini tutaiacha. Imo kwenye kila kitabu, na haijawahi kumsaidia mtu kunasa pini.

## Vitu vya kuandaa

- Waya wa shaba wa kuwaindia mota, mita 8, geji 30 (unene wa milimita 0.3 hivi)
- Msumari wa kawaida wa mbao, inchi 4
- Betri kubwa za tochi 2, mpya, za volti 1.5 kila moja (Kenya mwaziita mawe)
- Taa ndogo ya LED nyeupe, hata ya kutoa kwenye tochi mbovu
- Msasa laini
- Karatasi ya daftari na selotepu
- Dira ndogo
- Pini au klipu za karatasi 30
- Sumaku yoyote ya kudumu. Ya spika iliyokufa inafaa sana
- Daftari na kalamu

Waya ndiyo inayowasumbua watu. Usiende duka la vifaa vya umeme wa nyumba. Nenda kwa fundi anayewaindi mota na feni. Karibu kila mji una mmoja, na vipande vinavyobaki kwake ni vingi. Mwambie unataka waya mpya, si uliotolewa kwenye mota iliyoungua. Waya wa mota iliyoungua vanishi yake, ule utando mwembamba unaoufunika, imeshapasuka, na utakuumiza kichwa baadaye.

Ukiukosa, chukua waya wa ndani ya kebo ya mtandao ya kompyuta, ule wenye plastiki ya rangi. Unafanya kazi, ila ni mnene, mizunguko inakuwa michache na betri inachoka haraka.

Onyo ambalo halina mjadala. Usichomeke kitu chochote cha mwongozo huu kwenye soketi ya ukutani. Umeme wa nyumbani ni volti 230 hadi 240 na unaua. Usitumie pia betri ya simu, ya pikipiki wala ya gari. Betri hizo zinaweza kusukuma mkondo mkubwa kiasi cha kuufanya waya mwembamba uwe mwekundu kama kaa la moto, na ya simu inaweza kulipuka.

## Hatua ya 1: Kagua msumari

Gusisha msumari kwenye sumaku ya spika. Ukinata, ni chuma na unafaa. Usiponata, ni alumini au aina fulani ya chuma kisichoshika kutu, uweke pembeni.

Watoto wengi wanaamini kila metali inayong'aa hunaswa na sumaku. Jaribu mwenyewe: kifuniko cha soda kinanaswa, foili ya alumini hainaswi, na waya wako wa shaba haunaswi. Sarafu usizisemee kabla ya kuzijaribu, maana nyingine zina chuma ndani na nyingine hazina.

Kisha angalia kama msumari wenyewe tayari ni sumaku. Ukishagusa sumaku ya spika, huenda umebaki na nguvu kidogo. Uchovye kwenye pini. Ukishika, upige sakafuni mara kumi na ujaribu tena. Usipofanya hivi, baadaye utafurahia pini ambazo betri yako haikuzinasa.

Epuka msumari wa zege. Ni wa chuma kigumu cha pua, na chuma kigumu kikishakuwa sumaku hakitaki kuacha. Sisi tunataka sumaku inayowaka na kuzimika kama taa.

## Hatua ya 2: Kwangua ncha za waya

Nikiambiwa nichague hatua moja tu ya kuisisitiza, ni hii.

Waya wa kuwaindia mota unaonekana mtupu, lakini haupo mtupu. Umepakwa vanishi, na vanishi ni kihami: umeme haupiti. Fundi anaipenda kwa sababu inamruhusu kulaza waya juu ya waya bila mkondo kuruka kutoka mzunguko mmoja hadi mwingine. Lakini vanishi hiyo hiyo ikibaki kwenye ncha, betri yako inagusa kihami. Ni sawa na kuunganisha bomba ambalo koki yake imefungwa.

Mwaka wa kwanza nilipofundisha jaribio hili, nililifanya mbele ya darasa la wanafunzi zaidi ya hamsini na likagoma. Nilibadilisha betri mara tatu. Nikabadilisha msumari. Aliyeniokoa ni kijana wa dawati la nyuma ambaye baba yake mdogo alikuwa fundi feni: "Mwalimu, samahani, hiyo waya hujaikwangua."

Fanya hivi. Kunja msasa kipande kidogo, bana ncha ya waya katikati yake, vuta huku ukizungusha. Kwangua sentimita 2 za kila ncha, pande zote, si upande mmoja. Waya una rangi ya kahawia iliyokolea inayong'aa kama asali. Ukishakwanguka unageuka kuwa wa rangi ya waridi iliyofifia, rangi ya shaba mpya. Wengine huchoma vanishi kwa kiberiti kwanza. Sawa, lakini moto huacha masizi meusi, na masizi nayo lazima uyatoe kwa msasa.

Utajua umefaulu ukilinganisha ncha na katikati ya waya juani na ukaona rangi mbili tofauti kabisa.

## Hatua ya 3: Hakikisha mkondo unapita

Kabla ya kuzungusha hata mzunguko mmoja, pima waya.

Panga betri mbili kama kwenye tochi, kichwa cha moja kikigusa kitako cha nyingine. Hapo una volti 3. Mguu mrefu wa LED uelekee upande wa chanya, mguu mfupi uguse ncha moja ya waya, na ncha ya pili ya waya irudi kwenye kitako cha betri. Njia nzima hiyo, kutoka chanya kupitia taa na waya hadi hasi, ndiyo tunayoiita sakiti. Ikikatika popote, hata kwa upana wa unywele, hakuna mkondo.

Taa ikiwaka, endelea. Isipowaka, geuza miguu ya LED kwanza, kwa sababu taa hii hupitisha umeme upande mmoja tu. Ikiwa bado, rudi kwenye msasa.

LED iondoe baada ya kipimo hiki. Wapo wanaoiacha kwenye sakiti ili "ioneshe kama umeme upo", halafu wanashangaa msumari hauna nguvu. Taa hiyo inaruhusu mkondo mdogo mno kwa kazi yetu.

## Hatua ya 4: Zungusha waya

Vika msumari karatasi moja ya daftari, ubane kwa selotepu. Karatasi inazuia ukali wa msumari usichubue vanishi.

Acha mkia wa sentimita 20, uubane kwa selotepu karibu na kichwa cha msumari, kisha anza kuzungusha kuelekea ncha. Mzunguko ulale kando ya mwenzake, usipande juu. Ukibana vizuri, mizunguko 100 itachukua sentimita 3 na nusu hivi. Hesabu kwa sauti au weka alama daftarini kila ukifika 20. Ukipoteza hesabu, hatua ya 7 haitakuwa na maana.

Ukifika 100, rudi ukizungusha tabaka la pili juu ya la kwanza mpaka ufike 200. Acha mkia mwingine wa sentimita 20, na mwisho wa mkia huo kwangua sentimita 2 za waya: hapo ndipo betri itakapogusa, ili mkondo usipite kwenye waya uliobaki. Usikate waya uliobaki, utauhitaji.

Sasa tega sikio, kwa sababu hapa ndipo wengi huharibu kazi nzuri. Kurudi nyuma si kugeuza mwelekeo wa kuzunguka. Kama ulikuwa unapitisha waya juu ya msumari kutoka kwako kwenda mbele, endelea kuupitisha hivyo hivyo wakati tabaka linarudi kuelekea kichwa. Kilichogeuka ni safari ya waya kwenye urefu wa msumari, mkono haukugeuka.

Kwa nini ni muhimu? Mkondo ukipita kwenye waya, unajenga ugasumaku (eneo lenye nguvu ya sumaku) kuuzunguka waya huo. Waya mmoja ulionyooka una ugasumaku dhaifu. Ukiukunja ukawa mizunguko inayoelekea upande mmoja, ugasumaku wa kila mzunguko unajumlika na wa mwenzake katikati, palipo msumari. Mizunguko 100 ya kwanza ikielekea huku na 100 ya pili ikielekea kule, zinatoana. Unabaki na sifuri, na waya wa moto.

Na msumari wenyewe unafanya nini? Ndani ya chuma kuna vikundi vya atomi, kila kimoja ni kama sumaku ndogo. Kwa kawaida vimekaa shaghalabaghala kama wanafunzi kabla ya kengele, nguvu zao zinafutana. Ugasumaku wa waya ndiyo kengele: vikundi vinajipanga kuelekea upande mmoja, na nguvu yao inaongezwa juu ya ile ya waya. Ukitaka kuona mchango wa msumari, zungusha waya kwenye kalamu ya plastiki. Dira itacheza, pini hazitajali.

Utajua umefaulu kama koili, yaani mizunguko yote ya waya, haichezi ukiitikisa, na LED bado inawaka ukipima tena kama hatua ya 3. Pima tena, tafadhali. Waya mwembamba hukatika kwenye kona bila kelele.

## Hatua ya 5: Washa

Tumia betri moja tu kwanza. Bana mkia mmoja kwenye kitako kwa selotepu. Mkia wa pili ushike kwa sehemu yenye vanishi, uguse kichwa cha betri, chovya ncha ya msumari kwenye pini, nyanyua, kisha achia waya.

Sekunde 5, si zaidi. Halafu pumzisha nusu dakika.

Sababu ni hii. Volti ndiyo msukumo, ukinzani ndio ubishi wa njia, na mkondo ndio kinachopita kweli. Gawanya volti kwa ukinzani upate mkondo. Waya wako una urefu wa mita 3 na nusu hivi, na ukinzani wake ni kama omu 0.8. Betri nayo ina ukinzani wake wa ndani. Tuchukulie omu 0.5. Jumla ni omu 1.3. Volti 1.5 gawanya kwa 1.3, ni ampea 1.15. Kwa betri ya tochi huo ni mzigo mzito. Ukiiacha dakika kadhaa, betri inapata joto, waya unapata joto, na unamaliza betri kabla hujamaliza jaribio.

Ukiachia waya utaona pengine cheche ndogo. Usishtuke. Koili haipendi mkondo wake ukatwe ghafla, na inajitahidi kuuendeleza hata hewani. Ndiyo maana nimesema ushike sehemu yenye vanishi.

Utajua umefaulu kama msumari unanyanyua angalau pini tano, na karibu zote zinaanguka ukikata mkondo. Kuanguka ni sehemu ya ushindi sawa na kushika.

## Hatua ya 6: Tafuta kaskazini ya msumari

Weka dira mezani, mbali na spika, mbali na simu, na mbali na meza yenye miguu ya chuma. Subiri sindano itulie. Leta ncha ya msumari umbali wa sentimita 10, washa kwa sekunde 2, tazama.

Upande mwekundu wa sindano, ule unaoelekea kaskazini, ukivutwa na ncha ya msumari, ncha hiyo ni kusini. Ukisukumwa, ncha ni kaskazini. Zinazofanana husukumana, zinazotofautiana huvutana.

Sasa kabla ya kugeuza betri, tabiri. Kunja vidole vya mkono wa kulia kuzunguka koili, vifuate njia ambayo mkondo utapita betri ikigeuzwa, kutoka chanya kwenda hasi. Kidole gumba kinaonesha kaskazini. Andika jibu daftarini, geuza betri, washa. Sindano lazima igeuke na kukubaliana na gumba lako. Isipokubaliana, karibu kila mara tatizo ni mkono wa kushoto. Wanaoandika kwa kulia huwa na kalamu mkono wa kulia na wanapima kwa ule ulio huru. Nimeliona hili mara nyingi mno.

Usisogeze dira mpaka iguse msumari. Sindano za dira za bei rahisi hugeuzwa sumaku yake kirahisi, na siku ya pili dira inakuonesha kusini ikidai ni kaskazini. Dira ya simu usiitumie kabisa hapa. Itachanganyikiwa na itabidi uisawazishe upya.

## Hatua ya 7: Ongeza nguvu, badilisha kitu kimoja kimoja

Kitabu kinasema: ongeza mizunguko au ongeza mkondo, sumaku itakuwa na nguvu zaidi. Wanafunzi wanazungusha mara mbili, wanategemea pini mara mbili, hawazipati, wanaandika "jaribio limeshindikana". Halijashindikana. Fanya hesabu.

Kinachosukuma ugasumaku ni mkondo mara idadi ya mizunguko. Kwa mizunguko 200 na betri moja: 1.15 mara 200, ni 230.

Ziba kwa selotepu pale ulipokwangua kwenye mkia wa pili, kisha zungusha waya uliobaki ufike 400. Waya umefika mita 7, ukinzani wake ni omu 1.6, jumla na betri 2.1. Mkondo umeshuka hadi ampea 0.71. Zidisha kwa 400: ni karibu 285. Umeongeza kazi mara mbili, umepata nyongeza ya robo tu. Waya mrefu umeuzuia mkondo uliokuwa unautegemea.

Sasa baki na mizunguko 400 lakini weka betri mbili kichwa kwa kitako. Volti 3, ukinzani wa waya 1.6, wa betri mbili omu 1, jumla 2.6. Mkondo unarudi 1.15, mara 400 ni 460. Hapo ndipo umepata mara mbili kamili ya 230. Ukirefusha waya, ongeza na msukumo.

Fanya kila hali mara tatu, hesabu pini, andika wastani. Usitarajie pini zilingane sawasawa na hesabu. Pini hushikana zenyewe, hudondokeana, na betri inachoka kadiri unavyoendelea. Ukimaliza zote, rudia hali ya mizunguko 400 na betri moja. Ukiona imeshuka sana kuliko mara ya kwanza, ni betri.

## Ukikwama

Msumari haushiki chochote, na waya hauna joto. Mkondo haupiti. Msasa. Asilimia kubwa ya mnaoniandikia mko hapa.

Haushiki chochote, lakini waya una joto. Mkondo unapita lakini unapotea. Ama matabaka yanazunguka kinyume, ama waya umechubuka na mizunguko inagusana, kwa hiyo mkondo unakata njia bila kuzunguka msumari. Waya mtupu usio na vanishi wala plastiki hufanya hivi daima, hata uuzungushe kwa ustadi gani. Fungua, uvutishe kati ya vidole polepole ukitafuta sehemu iliyochubuka, uizibe kwa selotepu.

Unashika pini moja au mbili tu. Betri. Mpya ya dukani inaweza kuwa imekaa rafuni miaka. Ukiwa na multimita (kifaa cha kupima umeme), usipime betri ikiwa peke yake, kwa sababu hata iliyochoka huonesha volti karibu 1.5 ikiwa haina mzigo. Ipime ikiwa imeunganishwa na koili. Ikishuka chini ya 0.7, tafuta nyingine.

Unashika vizuri, ila pini haziachii ukikata mkondo. Msumari ni mgumu. Ondoa koili kwa kuivuta pamoja na karatasi yake, tia msumari mtupu kwenye jiko la mkaa, nje ya nyumba, mpaka uwe mwekundu, kisha uufukie kwenye majivu upoe taratibu hadi kesho yake. Usiutie majini, maji huurudishia ugumu. Msumari wa bati uliopakwa zinki usiuchome kamwe, moshi wake ni sumu. Baada ya kupoa, futa majivu, vika karatasi mpya na urudishe koili. Ukiona bado unaning'iniza pini moja baada ya kukata mkondo, iache. Chuma cha dukani hakisahau chote.